Udongo Ulioteremka

Dada yangu Eduviges Manueles alikataa kuchoma shamba
mwaka ule mumewe alipokwenda Kaskazini asirudi.
Nilidhani ni uchungu. Mtu mwenye uchungu
huacha mambo: nywele, chumvi, kiberiti.

Aprili, Lempira nzima huwa moshi.
Jua hugeuka jekundu kama jicho la mlevi,
kuku hukohoa, na sisi wanaume hukaa ukingoni
na matawi mabichi mikononi, tukiuchunga moto
kama mtu achungavyo ng'ombe wa jirani.
Baba alichoma. Baba wa baba alichoma.
Jivu la kwanza hunenepesha mahindi;
habari za mvua ya pili hatukuuliza.

Yeye aliingia na panga, peke yake.
Miti akaipogoa, hakuiua. Akaiacha imesimama
kimo cha mtu, kama wafiwa walionyolewa.
Majani, vijiti, mabua ya mwaka jana,
yote akayatandaza chini. Kisha akatoboa kwa muo:
punje tatu, hatua moja, punje tatu.
"Hili ni shamba au kiota cha nyoka?" nikamuuliza.
Akasema, "Nyoka naye ana kazi yake, Teófilo.
Wewe hapo una kazi gani?"

Mwaka wa kwanza alivuna kidogo kuliko mimi.
Nalisema hili kwa sababu mabwana shamba hawalisemi.
Magunia saba, kwa kumi na moja yangu,
na konokono wakala nusu ya maharagwe.
Nikampelekea gunia. Alilipokea, hakushukuru;
alilipima, akaandika ukutani kwa mkaa: deni.

Mwaka wa pili tukalingana.
Wa tatu sikuhesabu.

Halafu Oktoba, mvua. Siku tano mchana na usiku,
bati likizungumza hadi tukasahau sauti zetu.
Usiku wa nne nikasikia mlima ukijisogeza,
sauti ndogo tu, kama mtu avutaye gunia sakafuni.
Kulipokucha shamba langu lilikuwa mifupa:
mawe meupe nisiyowahi kuyaona,
nami nimelima pale miaka ishirini na sita.

Udongo ulikuwa chini, kwa dada.
Ulifika kwenye matandazo yake ukakaa,
kama mgeni aliyechoka akaona kizingiti.
Nikaujua. Mtu huujua udongo wake:
mweusi wa masizi, na ndani yake kigae
cha kikombe cha mama, chenye ua la buluu.

Nikaenda na madebe mawili.
Usicheke. Wewe ungekwenda na nini?
Akaniangalia, akayaangalia madebe, kisha mteremko.
"Chota," akasema. "Ni wako. Mimi sikuuita."
Nikachota. Nikapanda nalo. Nikamwaga juu ya jiwe.
Ukakaa pale kama kofia ya mtu mwingine.

Debe la pili sikulijaza. Nilizamisha mkono
chini ya majani yake, kule usikofika udongo wangu,
nikakuta ubaridi, na harufu ya mtungi,
na nyungunyungu mmoja akajizungusha kidoleni
mfano wa pete, akaona si mahali pake, akarudi.

Sasa nakodi kwake kipande,
hatua arobaini kwa kumi na mbili, kwa theluthi ya mahindi.
Ameandika ukutani, chini ya lile deni.
Nalima udongo wangu kwa kukodi.
Watu wanalipenda sana hilo; wananisimulia harusini.

Huku juu nimeacha kichaka kijiotee.
Naweka mabua kati ya mawe. Yanaoza polepole mno,
nami nina miaka hamsini na mitatu.
Kile kigae nilimpa Eduviges. Alikipangusa,
akakitazama, akakirudisha shambani pale pale.

Aprili hii wenzangu wamewasha tena, ng'ambo ya mto.
Kiberiti bado kimo mfukoni. Ni cha sigara.
Nikishawasha, nakizima kijiti kwa mate,
mara mbili, kisha nakirudisha mfukoni.